Bomba Lililokatiza Ngoro Zetu

Majina yao wote ninayo. Ya walimu wa Kizungu, ya wanafunzi wao, ya wanawake waliochimba pamoja nami, hata la dereva aliyelala garini mchana kutwa. Ila humu siyaandiki. Wengine wako hai, na waliokufa watoto wao ni jirani zangu, na mimi bado naomba moto kwa jirani. Kazi iliyofanyika naweza kuieleza bila kumtaja mtu.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nilizaliwa ufukweni upande wa Mbamba Bay, nikaishia darasa la nne, nikaolewa huku juu kwa Wamatengo. Nilikuja nikijua kuanika usipa, wale dagaa wa kwetu, na kupiga kasia. Jembe la mlimani alinifundisha mama mkwe. Huku mlimani shamba ni ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Pembeni panakuwa tuta, katikati panabaki shimo. Mvua ikija, kila shimo linakunywa la kwake, na mlima unabaki mahali pake. Mwaka wangu wa kwanza wanawake wa ukoo walikuwa wakipita wananicheka: "We mtoto wa ziwani, hilo shimo unamzikia samaki gani?" Nilichimba mpaka wakaacha kucheka. Mteremko ule ulio chini ya nyumba yangu nimeuchimba tangu nikiwa bibi harusi mpaka nimekuwa bibi.

Mjukuu wangu wa kike nimemlea mwenyewe, mama yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi mjini, anasomea mitambo na umeme. Chuo chao kiliandikiana na chuo kimoja cha ng'ambo, nchi ya baridi. Wale wanaleta walimu na vifaa, sisi tunatoa wanafunzi na mito. Wanafunzi wa pande mbili wanafanya kazi moja kijijini, na kazi hiyo ndiyo mtihani. Ikisimama mpaka siku ya kukaguliwa, mwenye kazi anapata diploma, na chuo cha wageni kinamchukua miaka miwili akaendelee kusoma kwao. Isiposimama anarudia mwaka. Na sisi tunajua, kwa mtoto wa kike wa kwetu kurudia mwaka ni kuacha.

Yeye akachagua kijito chetu. Kahawa inapoiva, tangu Juni mpaka Septemba, mashine ya kumenyea tunaizungusha kwa mkono. Bega langu la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto.

"Bibi," aliniambia, "maji yanashuka bure pale, na wewe unazungusha kwa bega. Nitayapa maji kazi yako."

"Na mimi utanipa kazi gani?"

"Wewe utakaa."

Nilicheka. Hakuna mradi uliokuja kwetu ukaniacha nimekaa. Umekuja wa mbuzi, umekuja wa majiko, umekuja wa mizinga ya nyuki. Yote nimeipikia. Wanakuja, tunapika, tunapigwa picha, wanaondoka, na sufuria zinabaki kwangu kusuguliwa.

Wageni walifika mwezi wa nane. Walikuwa na mzee wao, mwalimu mwenye nywele nyeupe na magoti marefu, na vijana wake sita. Waliongozana na mwalimu wa chuo chetu, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Ukoo wote ulikusanyika uani kwangu, na aliyeongoza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Hapa lazima nieleze jambo. Zamani za baba mkwe, wanaume wa ukoo walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake. Hiyo tunaiita sengu. Wanakula kwanza, wakishanawa mikono ndipo neno linasemwa. Mwenye shauri, mwenye ugomvi, mwenye kutaka kuoa, wote wanangoja watu wale. Siku hizi kila mtu anakula kwake, sengu imebaki jina. Lakini kitu kimoja hakijatoka: mgeni ambaye hajala hapingwi. Unampinga vipi mtu mwenye njaa ya safari? Mpe chakula, kisha mpinge hata mpaka jua litue.

Basi nilikuwa nimepika. Ugali, maharage, usipa wa kutoka nyumbani kwetu. Nikaleta maji ya kunawa. Mwalimu wa chuo akaniinamia: "Mama, asante sana, ila wageni wetu wameshakula. Wana chakula chao kwenye gari. Matumbo yao hayajazoea."

Nikarudi na beseni langu.

Wakaanza kueleza. Banio la kukinga maji lijengwe juu, kwenye kijito. Bomba lishuke bondeni, mpaka kwenye mtambo utakaozungusha mashine. Lipite wapi? Yule mzee akanyoosha mkono kama mtu anayekata keki: moja kwa moja, kupitia katikati ya mteremko wangu, ndiyo njia fupi. Vijana wake wakapigilia vigingi, kigingi hadi kigingi, na kamba ya njano ikanyooka juu ya ngoro.

Nikamwegemea shemeji, nikamnong'oneza: "Ule mtaro utakuwa njia ya maji. Mashimo yatatobokeana."

"Naona," akasema.

"Basi waambie."

"Shemeji, hawajala. Nitaanzaje?"

"Waambie hivyohivyo."

"Waambie wewe, mwenye wali wako."

"Ni ugali."

"Ndiyo hata hawakuugusa."

Basi nikafunika ugali wangu. Mwalimu akauliza: "Kuna mwenye swali? Mmekubali?" Watu wakasema sawa. Sawa ile ya kwetu ya kumwambia mgeni apumzike. Karatasi ikapitishwa, kila mtu akaandika jina lake kwamba alikuwepo. Naweza kuisoma karatasi ile kichwani mpaka leo, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaingia garini wakala mikate yao.

Mjukuu wangu alikuwa na furaha kiasi kwamba sikutaka kumharibia. Alivaa kofia ngumu ya njano. Walichimba mtaro wiki mbili, yeye na vijana wa Kizungu, wakalaza bomba, wakafukia. Udongo uliorudishwa mtaroni ulikuwa laini, haukuwa na mzizi hata mmoja wa kuushika. Kila jioni nikipita pale niliukanyagakanyaga kwa miguu, kama vile miguu ya kikongwe mmoja ingesaidia kitu. Banio likajengwa, mtambo ukafungwa, wageni wakaondoka wakisema watarudi mwezi wa saba kukagua.

Mvua za kwanza zilikuwa za kuosha vumbi, hazikufanya kitu. Ile ya Januari ilikuja asubuhi, tunachambua mboga. Nilisikia kwanza, sikuona. Ngoro zikinyeshewa zinanyamaza, zinakunywa. Siku ile kulikuwa na mvumo. Nilipotoka, maji yalikuwa yameshapata mtaro. Shimo la juu limepasukia mtaroni, la chini yake likafuata, na la chini yake. Yalishuka mekundu, yamebeba mahindi yamesimama wima kama abiria. Mvua ilipokatika, katikati ya shamba langu palikuwa na korongo la kuficha mbuzi, na bomba liko nje, limening'inia kama utumbo. Kule bondeni mtambo ulikuwa umefukiwa mpaka shingoni.

Nilimpigia mjukuu wangu simu chuoni. Alifika kesho yake na basi la mchana. Hakuja nyumbani kwanza, alikwenda moja kwa moja shambani. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa korongo, viatu vyake vya mjini vimejaa matope.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mama."

Akauliza bila kunitazama: "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya vigingi."

"Na Babu mdogo?"

"Naye alijua. Wote tulijua, wote tuliowahi kushika jembe hapa."

"Wote! Watu wote wale waliosema sawa?"

"Wageni walikuwa hawajala."

Akageuka akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtoto niliyemlea. "Yaani Bibi, diploma yangu inakwenda na maji kwa sababu Wazungu hawakula ugali?"

Ukilisema kwa sauti, jambo lenyewe linakuwa jinga. Lakini siku ile uani halikuwa jinga, lilikuwa adabu. Nilimwambia tu: "Na wewe uko ukoo huu. Ulipita juu ya ngoro hizi kwenda shule miaka yote. Mbona hukujua?"

"Nani alinifundisha? Ulinifukuza shambani. Ulisema nisome."

Ni kweli. Kila aliposhika jembe nililichukua, nikampa daftari. Sikutaka awe na bega kama langu.

Mwalimu wa chuo alifika siku ya tatu. Alizunguka korongo, akapiga picha, akatikisa kichwa. Alikuwa na faili, akatoa ile karatasi. "Wananchi walikubali," akamwambia shemeji. "Hizi hapa sahihi."

"Hizo ni sahihi za kuwepo," shemeji akasema. "Tulikuwepo. Nani anakataa?"

Mwalimu akawapigia wageni kwa simu yake, ile ya kuonana. Tukamwona yule mzee ndani ya kioo, kavaa sweta, nyuma yake dirisha lenye theluji. Walisemezana kwa Kiingereza. Mjukuu wangu alisimama kando anauma kucha. Nikamuuliza anasema nini.

"Anasema bomba tulilonalo halitoshi kuzungukia pembeni. Na vifaa vya mwaka huu vimekwisha. Anasema anasikitika, labda kazi yangu ifungwe, nianze nyingine mwakani."

Ndani ya simu hakuna wa kukaribishwa ugali. Hilo nililifikiria wakati ule ule. Mtu yuko kwao, kala kwao, kashiba au hakushiba ni shauri la mkewe. Nikasogea mbele ya kioo.

"Mwambie bomba liachwe hapo hapo."

"Bibi?"

"Mwambie njia si kosa. Kosa ni kwamba mtaro umeachwa uwe mlango. Bomba lishuke chini zaidi, lifukiwe, halafu juu yake tuchimbe ngoro upya. Majani yalazwe kukatiza mtaro, mstari kwa mstari, yaushike udongo. Maji yakitaka kukimbia yakute shimo. Yakitoka hapo yakute jingine. Maji yakishuka bila kuchoka ndiyo yanabeba shamba."

Mjukuu wangu alitafsiri neno kwa neno. Yule mzee akavua miwani. Akauliza kwa nini sikusema mwezi wa nane.

"Mwambie hatukujuana vizuri," nikasema. Mjukuu wangu alinitupia jicho, akatafsiri kitu kirefu zaidi ya nilichosema. Mzee wa watu akawa mwekundu. Akasema tufanye, atangoja hadi Julai, ila mwanafunzi apime kila kitu na kuandika.

Rahisi kusema. Ngoro hazichimbwi kwa simu. Tulingoja mwezi wa tatu, wakati wake, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wamechoka na mradi ule, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko wao, ila sikuwa na pa kuupeleka uchovu wangu. Jirani wa juu alinijibu akiwa mlangoni: "Mradi wa wageni, waje wachimbe wageni." Mwingine akasema: "Mjukuu wako akienda Ulaya, mimi napata nini, begi?" Mabinti wenye nguvu walikuwa Ngaka mgodini, wanawapikia madereva wa malori ya makaa ya mawe. Waliobaki vijijini wanalima matuta, ngoro wanaziona ni kazi ya adhabu. Shemeji alipata wanaume wanne wa kufyeka, na yeye mwenyewe wa tano, mwenye kikohozi. Wanawake tulijitokeza saba. Wote bibi. Ukijumlisha meno yetu, hujazi kinywa kimoja.

"Huu si mkutano wa Wanawake Wakatoliki kweli?" mmoja akatania. "Mbona hakuna anayeweza kuinama?"

"Inama tu, kuinuka tutasaidiana."

Mjukuu wangu alikuwa wa nane. Siku ya kwanza alichimba ngoro yake moja tangu asubuhi hadi saa nne, na shimo likawa limepinda. Wale bibi wakaja kulitazama. "Injinia," wakamwita, "hilo shimo unamzikia samaki gani?" Sikumwambia utani ule ulitoka wapi. Alikasirika, akalifukua, akaanza upya. Siku ya tatu viganja vilipasuka. Siku ya tano aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: mbona tuta la juu ni nene, mbona majani ya hapa yanalazwa mabichi, shimo likijaa maji yanatoka upande gani. Mengine nilijibu. Mengine nilikuwa sijui kwamba nayajua, mpaka mkono ulipomwonyesha.

Kila hatua kumi za mtaro alisimika kijiti chenye alama. Mvua zilizobaki, kila ikinyesha alikuwa akija kutoka chuoni, anashuka basi amelowa, anakwenda kupima vijiti udongo umeshuka kiasi gani, anaandika. Aprili nzima ilinyesha. Sikulala vizuri, kila nikisikia bati linalia naamka kusikiliza mvumo. Haukuja. Maharage yakaota juu ya bomba.

Pasaka tulimzika mmoja wa wale saba. Si kazi iliyomuua, alikuwa na umri wake. Lakini mikono yake ilikuwa bado na malengelenge tulipomwosha.

Julai wageni wakarudi. Shemeji alikuwa amewaambia mapema, kwa maandishi, kwamba hakuna kitakachokaguliwa kabla ya kula. Walikula. Yule mzee alifinyanga ugali vibaya kama mtoto, lakini alikula, na usipa akaongezwa. Wakanawa. Na hapo ukoo ukafungua kinywa. Walisemwa kuanzia saa sita hadi saa tisa: mtaro, kijito kilichochafuliwa, mahindi yaliyokwenda, kelele za gari, hata picha walizopiga wakaondoka nazo. Mwalimu wa chuo alitafsiri mpaka sauti ikamkauka. Mzee aliandika kila kitu. Nadhani hakuna aliyewahi kumsema hivyo nchi yoyote aliyokwenda, maana kote watu huwa wanasema sawa.

Ndipo tukashuka bondeni. Mjukuu wangu akafungua koki. Mtambo ulikohoa matope, ukakohoa tena, ukazunguka. Mkanda ukashika mashine, na mimi mwenyewe nikamimina ndoo ya kahawa mbivu. Maganda upande huu, mbegu upande ule, na bega langu limelala.

Yule mzee hakupiga makofi haraka. Alimuuliza mjukuu wangu mbele ya wote: "Mpango wa kurekebisha ulikuwa wa nani?"

Mwalimu wa chuo alimkonyeza asijimalize. Yeye akasema: "Wa bibi yangu. Vipimo ni vyangu." Akatoa daftari la vijiti. Mzee akalisoma ukurasa kwa ukurasa, amesimama kwenye matope. Kisha akauliza majani yale yatakaa muda gani kabla ya kuoza.

"Miaka miwili," akajibu. "Kisha ngoro zinachimbwa upya."

"Na nani atazichimba?"

Pale ndipo mjukuu wangu alipotugeukia sisi bibi, akatuhesabu kwa macho. Nikaona ameelewa kitu ambacho mimi nilikijua tangu Machi. Nikasema, "Sisi." Mzee akaandika.

Alifaulu. Barua ya kwenda ng'ambo ilifika mwezi wa tisa, tukiwa katikati ya kahawa. Nilimsindikiza mpaka stendi ya Mbinga. Hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alikuwa ananihesabia: Machi moja, Machi mbili, akirudi zamu ya kuchimba upya itakuwa imeshapita.

"Bibi, tukiacha hata msimu mmoja mtaro utafunguka. Niambie ukweli. Mko wangapi?"

Tulikuwa sita, na mmoja wa hao sita haoni tena jembe linapoangukia. Mgongo wangu nikiinama unanijibu kwa sauti. Basi lilikuwa linaunguruma, kondakta anapiga ubavu wa gari.

"Tuko wa kutosha," nikamwambia. "Panda."

Akapanda.